Picha Imepotelea Wapi? Kutafuta Hitilafu ya Skrini katika Kompyuta Kuukuu Zilizowekewa Linux

Kompyuta kuukuu imeletwa katika chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari. Mwalimu na wanafunzi wake wameufuta mfumo wa zamani na kuweka mahali pake mfumo wa Linux, na kazi hiyo imekwisha bila tatizo lolote. Kompyuta inazimwa, kisha inawashwa tena. Jina la mtengenezaji linaonekana kwenye skrini. Orodha fupi ya maandishi inatokea na kutoweka. Halafu skrini inakuwa nyeusi. Dakika tano zinapita, dakika kumi zinapita, na hakuna kinachoonekana. Hatimaye mtu mmoja anatamka maneno ambayo mafundi wameyazoea: "Hii imekufa." Kompyuta inarudishwa stoo, na wanafunzi wanaendelea kubanana watano watano mbele ya zile chache zilizobaki.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu ya namna hiyo mara nyingi hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Picha haifiki kwenye skrini kwa mkupuo mmoja. Hupita katika hatua nne, na kila hatua ina msimamizi wake. Mtu akijua ni katika hatua ipi picha ilipotea, amekwisha kupata sehemu kubwa ya jibu. Wala kazi hiyo haihitaji vyombo vya ghali: yatosha kibodi, kurunzi, daftari na subira.

UMUHIMU WA JAMBO HILI

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuurekebisha mfumo wake wa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, ambao ulitolewa Oktoba 2021, hudai kompyuta iwe na chombo cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha maalumu. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Matokeo yake ni kwamba kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima, na ambazo zingeweza kutumika kwa kuandikia, kukokotolea na kujifunzia programu, zimebaki bila mfumo unaotunzwa na mtengenezaji.

Njia moja ya kuziokoa ni kuziwekea Linux. Kiini cha mfumo huu kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Mfumo huu waweza kunakiliwa bila malipo, na yeyote aweza kuisoma na kuirekebisha programu yenyewe. Hata hivyo, kila chipu ya picha ina amri zake za pekee. Programu inayozijua amri hizo huitwa kiendeshi, nayo ndiyo ambayo mafundi wengi huiita draiva. Watengenezaji wengi wa chipu za zamani waliandika viendeshi kwa ajili ya Windows ya wakati ule tu. Viendeshi vya Linux mara nyingine viliandikwa baadaye na watu wa kujitolea. Kiendeshi kiitwacho nouveau, kwa mfano, ambacho huhudumia chipu za Nvidia, kilijengwa hasa kwa kuchunguza mwenendo wa chipu zenyewe bila msaada wa maelezo ya mtengenezaji. Si ajabu basi kwamba, miongoni mwa matatizo yanayompata anayeweka Linux katika kompyuta kuukuu, matatizo ya skrini ni ya mara kwa mara.

HATUA NNE ZA SAFARI YA PICHA

Tunaweza kuilinganisha safari ya picha na mbio za kupokezana vijiti. Wakimbiaji ni wanne, na kijiti ni mamlaka ya kuiamrisha chipu ya picha.

Mkimbiaji wa kwanza ni BIOS, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mkuu wa kompyuta. Kompyuta ikiwashwa, BIOS huzungumza na chipu ya picha kwa lugha rahisi inayotokana na kanuni ya VGA, iliyoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987. Kanuni hiyo huruhusu maandishi ya mistari 25 yenye herufi 80 kila mmoja, au picha ya nukta 640 kwa 480. Karibu kadi zote za picha za kompyuta kuukuu huielewa.

Mkimbiaji wa pili ni kipakizi, programu ambayo katika kompyuta nyingi za Linux huitwa GRUB. Kazi yake ni kutoa orodha ya mifumo iliyomo katika diski, kisha kuupakia katika kumbukumbu ule uliochaguliwa.

Mkimbiaji wa tatu ni keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Tangu toleo la 2.6.29 la Machi 2009, keneli yenyewe ilianza kupanga idadi ya nukta na kasi ya picha kwa chipu za Intel, na chipu nyingine zikafuata. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na programu nyingine iliyokuja baadaye katika safari. Wakati keneli inapoiachilia lugha rahisi ya VGA na kuanza kutumia kiendeshi cha chipu yenyewe, skrini huzimika kwa nukta ya muda, kisha huwaka tena kwa herufi ndogo zaidi. Hapo ndipo kijiti huanguka mara nyingi.

Mkimbiaji wa nne ni mfumo wa madirisha. Uliozoeleka kwa miaka mingi ni X, ulioanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani; siku hizi mifumo mingi imehamia kwenye Wayland. Huu ndio unaochora dirisha la kuingilia, kipanya, na uwanja wa kazi.

JE, KOMPYUTA I HAI?

Kabla ya kutafuta mwenye kosa, yafaa kwanza tuhakikishe kama kompyuta inafanya kazi au la. Yako majaribio manne mepesi.

Jaribio la kwanza ni la taa ya kibodi. Bonyeza kitufe cha Caps Lock mara kadhaa. Taa yake ikiwaka na kuzima kwa kufuata kidole chako, keneli ingali inasikiliza. Kilichokosekana ni picha tu. Taa isipobadilika kabisa, yumkini mfumo umekwama. Katika kompyuta mpakato na kibodi zenye plagi ya duara, taa zikimweka zenyewe kwa mpigo wa saa, hiyo ni ishara kwamba keneli imekutana na kosa kubwa na kusimama.

Jaribio la pili ni la kurunzi, nalo lahusu kompyuta mpakato na skrini bapa. Tia giza chumbani, kisha mulika skrini kwa karibu na kwa mshazari. Skrini bapa haina nuru yake yenyewe. Hupitisha nuru ya taa iliyoko nyuma yake. Ukiona kivuli cha maandishi au cha dirisha, picha ipo, ila taa ya nyuma haikuwashwa. Jaribu kwanza vitufe vya kuongeza mwanga. Visipofaa, kosa huenda likawa katika namna keneli inavyoiamuru taa hiyo, na tutaona baadaye jinsi ya kuibadilisha.

Jaribio la tatu ni kuunganisha skrini nyingine. Picha ikitokea huko, chipu inafanya kazi, na tatizo liko katika skrini ya kwanza, katika kebo yake, au katika uamuzi wa kompyuta kuhusu skrini ipi itumike.

Jaribio la nne ni kubonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na F3. Linux huwa na vituo kadhaa vya maandishi matupu visivyotegemea mfumo wa madirisha. Yakitokea maneno yanayokutaka uandike jina na neno la siri, basi mkimbiaji wa tatu amefika salama na aliyeanguka ni wa nne.

PICHA ILIPOTELEA HATUA GANI?

Sasa washa kompyuta upya, ukitazama skrini kwa makini tangu mwanzo, na uandike katika daftari kitu cha mwisho ulichokiona.

Kama hata jina la mtengenezaji halionekani, Linux haina hatia, kwa sababu bado haijaanza kazi. Tazama umeme, kebo, kadi ya picha na vipande vya kumbukumbu.

Kama jina la mtengenezaji laonekana lakini orodha ya GRUB haitokei, huenda imefichwa tu. Katika kompyuta za BIOS shikilia kitufe cha Shift mara baada ya kuwasha. Katika zile za kanuni mpya zaidi ya UEFI, bonyeza Esc. Orodha isipotokea hata hivyo, tafuta kosa katika kipakizi au katika diski.

Kama orodha yaonekana, maandishi machache yanapita, kisha giza linaingia, mshukiwa ni keneli na kiendeshi chake.

Kama maandishi mengi yanapita vizuri na giza linakuja mwishoni kabisa, au dirisha la kuingilia linatokea, unaandika neno la siri, kisha unarudishwa palepale, mshukiwa ni mfumo wa madirisha.

Yapo pia matatizo ambayo picha ipo lakini si sawa: imevutwa upande, ina nukta chache, inacheza, au ina rangi isiyo yake. Haya nayo tutayaeleza.

KUIRUDISHA LUGHA RAHISI

Tuchukue tatizo lililo la kawaida, yaani giza linaloingia baada ya orodha ya GRUB. Orodha ikiwa kwenye skrini, simamisha alama ya uchaguzi kwenye mstari wa Linux na ubonyeze herufi e. Yatatokea maandishi ya maagizo. Tafuta mstari unaoanza na neno "linux". Mwishoni mwake huenda ukakuta maneno "quiet splash". Hayo huificha taarifa ya keneli nyuma ya picha ya mapambo. Yafute, na mahali pake andika:

nomodeset

Kisha bonyeza Ctrl na X kwa pamoja. Neno hili huiamuru keneli isitumie viendeshi vya chipu kupanga skrini, bali iendelee na picha ya namna ya jumla. Skrini itakuwa na nukta chache, na madirisha yatakwenda pole pole. Lakini picha ikitokea, tumejifunza jambo kubwa: skrini ni nzima, kebo ni nzima, diski ni nzima, na kosa liko baina ya keneli na chipu ya picha. Badiliko hili hudumu kwa uwashaji mmoja tu. Ukikosea, zima na uwashe tena, hakuna kilichoharibika.

Inafaa tusisitize kwamba "nomodeset" ni chombo cha uchunguzi, si tiba. Wapo wanaoiacha hivyo siku zote, kisha wakalalamika kwamba Linux ni nzito. Kwa kweli wameifunga chipu yao mikono, na prosesa inabeba mizigo miwili.

KUMTAMBUA MWENYE KOSA

Ukiisha kupata picha ya muda, au kituo cha maandishi, fungua mahali pa kuandikia amri na uulize kompyuta ina chipu gani:

lspci -k

Katika orodha itakayotoka, tafuta mstari wenye neno "VGA". Chini yake huonyeshwa jina la kiendeshi kinachotumika: i915 kwa chipu nyingi za Intel, radeon kwa chipu za zamani za ATI na AMD, nouveau kwa za Nvidia. Ikiwa umewasha kwa "nomodeset", huenda jina la kiendeshi likakosekana. Hilo lisikushangaze, kwa kuwa ndivyo ulivyoamuru.

Kisha soma kumbukumbu za uwashaji ulioshindwa, ikiwa mfumo wako huzihifadhi:

journalctl -k -b -1

Herufi k ina maana ya habari za keneli pekee, na namba -1 ina maana ya uwashaji uliotangulia. Kwa mfumo wa X, yapo pia maandishi katika faili ya /var/log/Xorg.0.log, mistari yenye alama (EE) ni ya makosa, na yenye alama (WW) ni ya maonyo. Wanafunzi wengi huogopa kurasa hizi kwa wingi wa maneno. Wasiogope. Hawahitaji kuelewa kila mstari; watafute jina la kiendeshi na maneno yanayosema kwamba jambo fulani limeshindikana. Katika kompyuta kuukuu, uchunguzi huu aghalabu huishia kwenye mojawapo ya sababu zifuatazo.

Sababu ya kwanza: faili za chipu hazipo. Chipu nyingi za ATI na AMD huhitaji kupakiwa maagizo yao ya ndani kila zinapoamshwa. Maagizo hayo ni faili tofauti na kiendeshi, na baadhi ya mifumo ya Linux haikuyaweka katika diski ya kuanzia kwa sababu za haki ya programu. Debian, kwa mfano, ilianza kuyajumuisha katika diski zake rasmi kwa toleo la 12, lililotoka Juni 2023. Ukiona mstari unaosema kwamba faili yenye jina linaloanza na "radeon/" imeshindwa kupakiwa, dawa si kununua kadi mpya. Ni kuweka kifurushi cha faili hizo. Katika Debian huitwa firmware-amd-graphics.

Sababu ya pili: skrini ya kudhaniwa. Baadhi ya kompyuta mpakato zenye chipu za Intel za familia za 945 na 965 huamini kwamba zimeunganishwa na televisheni, ijapokuwa tundu la televisheni ni tupu au halipo kabisa. Keneli huigawia picha televisheni hiyo isiyokuwapo, na skrini ya kweli hubaki gizani au hupewa vipimo visivyo vyake. Kuona skrini zinazodhaniwa kuwapo, andika:

grep . /sys/class/drm/*/status

Kila tundu litaonyeshwa pamoja na neno "connected", yaani limeunganishwa, au "disconnected", yaani halikuunganishwa. Likitokea tundu la SVIDEO-1 kuwa limeunganishwa nawe unajua si kweli, ongeza katika mstari wa "linux" maneno haya:

video=SVIDEO-1:d

Herufi d huizima njia hiyo. Kinyume chake hutokea katika baadhi ya kompyuta ndogo za mezani, ambazo hudhani zina skrini ya mpakato. Kwa hizo jina la kuzimwa ni LVDS-1.

Sababu ya tatu: taa ya nyuma isiyotii. Kwa kompyuta iliyofaulu jaribio la kurunzi, ongeza "acpi_backlight=vendor"; isipofaa, badilisha uandike "acpi_backlight=native". Maneno haya hubadilisha njia ambayo keneli huitumia kuiamrisha taa.

SKRINI ISIYOJITAMBULISHA

Sababu ya nne yastahili sehemu yake, kwa kuwa ina somo zuri la fizikia na hesabu. Kila skrini iliyotengenezwa kwa kanuni za chama cha VESA hubeba kitambulisho chake, kiitwacho EDID, ambacho kilitangazwa mwaka 1994. Ni kifungu cha baiti 128 chenye jina la mtengenezaji, ukubwa wa skrini, na idadi ya nukta inazoweza kuonyesha. Kompyuta hukisoma kabla ya kupanga picha.

Katika kebo ya VGA yenye pini 15, kitambulisho hiki husafiri kwa pini ya 12, na mpigo wa saa wake kwa pini ya 15. Pini ya 1, ya 2 na ya 3 hubeba rangi nyekundu, kijani na buluu. Kwa hiyo kebo yaweza kuleta rangi zote sawasawa na bado ikashindwa kuleta kitambulisho, endapo pini ya 12 imepinda au haikutiwa waya kiwandani. Hapo keneli, kwa kutojua uwezo wa skrini, huchagua vipimo vya tahadhari visivyozidi nukta 1024 kwa 768. Mtumiaji huona herufi pana zilizovutwa kwenye skrini yake ya mstatili mrefu, na kulaumu kiendeshi. Ili kuhakikisha, andika:

cat /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid | wc -c

Namba 128 au 256 ina maana kwamba kitambulisho kimefika. Namba 0 ina maana kwamba hakikufika. Katika kompyuta nyingine "card0" huwa "card1". Tiba ya kwanza ni kubadilisha kebo, nayo ni rahisi kuliko zote.

Ikiwa kebo nyingine haipatikani, tunaweza kuiambia kompyuta vipimo wenyewe. Lakini kwanza tufanye hesabu, maana kila skrini ina kikomo chake. Tuchukue picha ya nukta 1024 kwa 768 inayochorwa mara 60 kwa sekunde. Katika skrini za kale za kichwa kikubwa, mwali wa elektroni ulihitaji muda wa kurudi mwanzo wa mstari na kurudi juu ya picha. Kwa ajili ya muda huo kanuni ya VESA huhesabu nukta 1,344 kwa kila mstari badala ya 1,024, na mistari 806 badala ya 768. Hivyo basi:

Mistari kwa sekunde: 806 × 60 = 48,360, yaani kilohezi 48.4 hivi.

Nukta kwa sekunde: 1,344 × 48,360 = 64,995,840, yaani megahezi 65 hivi.

Tulinganishe na picha ya nukta 1280 kwa 1024, ambayo kanuni huihesabia mistari 1,066. Mistari kwa sekunde ni 1,066 × 60 = 63,960, yaani karibu kilohezi 64. Skrini ambayo kitabu chake chasema kikomo ni kilohezi 50 itaipokea picha ya kwanza na kuikataa ya pili. Nyingi huandika maneno ya kukataa kwenye kioo, kisha huwa nyeusi. Skrini za kale sana hazina kinga hiyo, na kuzilazimisha kwaweza kuziharibu. Soma kwanza kibandiko kilicho nyuma yake. Wala mwanafunzi asiifungue skrini ya kichwa kikubwa kwa hali yoyote: ndani yake umeme waweza kufikia voti 20,000 na zaidi, na huweza kubaki hata baada ya kung'olewa plagi.

Tukiridhika na hesabu, twaongeza katika mstari wa "linux":

video=VGA-1:1024x768@60

Katika mfumo wa madirisha wa X, amri "xrandr" huonyesha vipimo vilivyopo na kuvibadilisha bila kuzima kompyuta.

Rangi nazo zina ushahidi wake. Ikiwa mahali palipopaswa kuwa peupe pana rangi ya njano, buluu imekosekana, kwa kuwa nyekundu na kijani zikichanganyika huleta njano. Pakiwa pa zambarau nyekundu, kijani kimekosekana. Pakiwa pa buluu-kijani, nyekundu imekosekana. Hapo tatizo haliko katika Linux hata kidogo. Tazama pini tatu za kwanza.

KUITHIBITISHA TIBA

Badiliko lililofanywa kwa kubonyeza e hupotea kompyuta ikizimwa. Likiisha kujaribiwa na kufaulu, ndipo huandikwa kwa kudumu. Katika Debian na jamaa zake, hufunguliwa faili ya /etc/default/grub kwa mamlaka ya msimamizi. Maneno mapya huwekwa ndani ya alama za kunukuu za mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT. Kisha hutolewa amri:

sudo update-grub

Kanuni tatu zishikwe katika kazi hii yote. Kwanza, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu na picha ikarudi, hutajua ni lipi lililoirudisha. Pili, andika kila jaribio na matokeo yake, hata yaliyoshindwa, maana kompyuta ya pili ya aina hiyo hiyo haitahitaji kuanza upya. Tatu, usifanye la kudumu ambalo hukulijaribu kwa muda.

Msomaji atatambua kwamba kanuni hizi hazikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Ndizo zile zile tunazozifuata maabara tunapotafuta kwa nini balbu haiwaki au kwa nini mchanganyiko haukubadilika rangi. Zipo kompyuta ambazo kweli zimekufa, nazo uchunguzi utazibainisha, na vipande vyake vizima vitafaa kwa nyingine. Lakini ile ambayo taa ya Caps Lock ingali inaitikia kidole haipaswi kwenda stoo kabla haijapewa "nomodeset" moja na kebo moja ya mkopo. Kwa shule yenye kompyuta sita, kuirudisha moja kazini kwaweza kuwapunguzia wanafunzi msongamano kwa mwaka mzima.

MASWALI YA KUJADILIWA DARASANI

1. Picha ya nukta 1280 kwa 1024 huhesabiwa mistari 1,066 hata ikichorwa mara 75 kwa sekunde. Kokotoa idadi ya mistari kwa sekunde. Je, skrini yenye kikomo cha kilohezi 70 itaipokea?

2. Kila nukta ikihifadhiwa kwa baiti 4, picha moja ya nukta 1024 kwa 768 huchukua baiti ngapi za kumbukumbu?

3. Baiti zote 128 za kifungu cha EDID zikijumlishwa, jumla yake lazima igawanyike kwa 256 bila baki. Kwa nini mtunga kanuni aliweka sharti hili? Kompyuta itambue nini jumla isipogawanyika?

4. Kompyuta mpakato inaonyesha orodha ya GRUB, kisha giza. Taa ya Caps Lock inaitikia, kurunzi haionyeshi kivuli chochote, na skrini ya nje inaonyesha uwanja wa kazi usio na kitu. Taja mshukiwa wa kwanza, na jaribio ambalo ungelifanya ili kumthibitisha au kumwachilia.